Seva ya duka la vipuri: nianze na prosesa kali?

Wakuu, tovuti yangu ya vipuri vya pikipiki inatumia PostgreSQL (programu ya hifadhidata), data kama GB 6. Nataka seva ndogo ofisini, Kariakoo. Prosesa gani?

Jibu: Prosesa iache kwanza, mkuu. Weka RAM (kumbukumbu ya haraka ya kompyuta) ya GB 16, data yote ienee humo. shared_buffers, yaani RAM ambayo PostgreSQL inajitengea, ianzie GB 4, robo ya RAM yote. SSD (diski za kasi) mbili kwa RAID 1, yaani kila diski inabeba data ileile.

Jibu: Ila RAID si bekapu! Ukifuta jedwali, linafutika kote kuwili. Piga pg_dump (amri ya kutoa nakala ya data) kila usiku, nakala itoke nje ya jengo.

Muulizaji: Umeme je? UPS (betri ya akiba) inatosha?

Jibu: Inatosha kuzima seva salama, si kuuza kutwa. Mimi ningekodi ya mtandaoni. Ofisini kuna vumbi, joto, na jirani anayechomoa waya achaji simu.