Dada ninayekaa naye ni mkimbizi trans, kadi ina jina la kiume. Tufanye nini?

JiraniWaRongai
Habarini wapendwa, naombeni ushauri. Nakaa Rongai na dada mmoja wa Uganda, mwanamke trans (alizaliwa akaitwa mvulana lakini ni mwanamke), alivuka mpaka Busia 2023 wiki chache baada ya Museveni kusaini ile sheria ya kupinga ushoga, kwao walishamfukuza. Hapa anasuka watu nywele, wamama wa ploti wanampenda wanamwita anti. Shida ni kadi yake ya ukimbizi, ina jina la kiume na picha ya mvulana mwenye kipara. Jana saa mbili usiku alikuwa anatoka dukani na unga, polisi wakamsimamisha, askari akamulika kadi na tochi, akamulika uso, akarudi kwa kadi, halafu akaita wenzake waje waone. Wakasema anajifanya mtu mwingine. Walimlaza seli ya wanaume. Yaliyompata humo ndani siwezi kuandika. Asubuhi hii nikatoa 5,000 wakamwachilia bila karatasi yoyote. Amejifungia hataki hata chai. Jina kwenye kadi linaweza kubadilishwa? Na wakimshika tena tuseme nini?

Mzee_wa_Kayole
Pole sana. Lakini si mkimbizi anafaa kukaa kambini? Kakuma UNHCR wako na chakula kipo. Nauliza kwa nia njema.

NilitokaKakuma
Mzee wangu mimi ni trans na nimekaa Kakuma, wacha nikueleze. Foleni ya maji wanawake huku wanaume kule, huku naambiwa toka, kule naambiwa toka tena kwa kupigwa na mtungi, mwisho nikawa nachota usiku na usiku ndio mbaya zaidi. Machi 2021 wenzetu walichomwa moto wakiwa wamelala, kijana mmoja akafa mwezi uliofuata. Chakula chenyewe mgao umekatwa mara nyingi. Tulikuwa tunavumilia tukisubiri kupelekwa Marekani, Trump akasimamisha Januari 2025 na mimi nilikuwa nishapimwa afya, nguo ziko kwa begi.
Jirani, angalia kama kadi yake imesajiliwa Nairobi au Kakuma. Kama ni Kakuma na hana kibali cha kutoka kambini hilo ni kosa lingine watamwekea.

Binti_Sheria
JiraniWaRongai mambo ya kadi yangoje kidogo. Kama yaliyompata seli ni yale ninayofikiria, mpeleke hospitali LEO. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, PEP, inaanzwa ndani ya masaa 72 na mapema ndio bora. Asioge kwanza, nguo alizovaa weka kwa bahasha ya karatasi, sio juala. Daktari ajaze fomu yote, hiyo ndiyo ushahidi.

Sasa sheria. Kosa la kujifanya mtu mwingine linataka nia ya kulaghai, na mtu aliyetoa kadi yake mwenyewe amemlaghai nani? Kifungu 162 cha sheria ya makosa ya jinai wanachopenda kutisha nacho, kile cha miaka 14, kinahusu tendo lenyewe la ngono, hakitaji nguo wala nywele. Wakimshika waandike kwa OB (kitabu cha matukio cha kituo) na wamfikishe kortini ndani ya saa 24, Katiba ibara ya 49. Msitoe pesa tena, ukilipa wanajua nyumba. Mwaka 2025 Mahakama Kuu Eldoret iliamua mwanamke trans aliyedhalilishwa kizuizini alipwe milioni 1, kwa hiyo kesi hizi zinashinda.

Jina ni safari ndefu. Audrey Mbugua, mwanamke trans, alipata amri ya korti 2014 cheti chake cha mtihani kibadilishwe jina, na yeye ni Mkenya. Usimpe dada matumaini ya mwezi ujao. Ila kadi ikiisha muda aombe apigwe picha mpya vile alivyo sasa, picha ikifanana hata tochi ya askari haina kazi.

JiraniWaRongai
Asanteni, Mungu awabariki. Ndio tumetoka hospitali. Alikuwa amekataa kabisa kwenda, anasema watamcheka, nikamwambia nitaingia naye mpaka ndani. Nesi aliangalia kadi, akaiweka kando, akamuuliza "nikuite nani?" Hapo ndipo alilia mara ya kwanza tangu jana. Amepewa dawa za siku 28, ya leo ameshameza. Nguo ziko kwa mfuko wa unga, natumai ni sawa. Kadi ni ya Nairobi. Binti_Sheria nimekutumia meseji, tunatafuta wakili ambaye hatalipisha.