Mrejesho: spika za zamani zimepona, isipokuwa twita moja (kispika kidogo cha sauti nyembamba)
Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Niliuliza kuhusu jozi ya spika za mwaka 1984, ambapo ya kushoto ilikwaruza kwenye besi na ya kulia ilikosa kabisa sauti nyembamba.

Nilianza na ushauri wa kubadilishana nyaya kwenye amplifaya. Hitilafu zilibaki kwenye spika zilezile, hivyo amplifaya ilikuwa nzima. Ya kushoto, ukingo wa sponji unaozunguka koni (sehemu inayotetemeka kutoa sauti) ulimomonyoka kwa kuguswa tu na kidole, ukaacha unga mweusi unaonata. Nilisafisha mabaki kwa spiriti, nikabandua kifuniko cha katikati, nikachomeka vipande vinne vya karatasi kando ya koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) ili isiegemee upande, kisha nikagundisha ukingo mpya na kuuacha ukauke kwa saa 24. Besi sasa inatoka safi, na subira ile ilistahili.

Twita ya kulia ilipima ukinzani wa umeme wa omu 5.8, maana yake koili haijakatika, kwa hiyo nilishuku kapasita (kijenzi kinachoipitishia twita sauti nyembamba na kuzuia besi), nikaibadilisha katika spika zote mbili. Sauti imerudi, lakini bado ni hafifu kuliko ya kushoto. Natafuta twita nyingine ya aina hiyohiyo.