Ni ndugu gani aliyekushikia nafasi ya bibi au babu?

Mwana wa Njombe:
Habari zenu ndugu zangu. Sikubahatika kuwaona bibi wala babu wa upande wowote, kwa kuwa wote walifariki kabla sijazaliwa. Nafasi yao ilishikwa na shangazi, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi huogopwa, maana ndiye anayeitwa mtoto anapoharibu; lakini huyu, kwa vile bibi hakuwepo, alijitwalia hata haki ya utani, akawa ananiita mume wake na kunidai kuni kila nilipoulizia chakula. Mwezi wa Julai, umande ulipokuwa ukiganda juu ya majani, alituketisha jikoni kuuzunguka moto wa kuni za miwati, akafukia viazi mviringo kwenye majivu, kisha akavitoa kimoja kimoja, akavipangusa kwa pindo la kitenge na kuvipuliza kabla ya kutukabidhi. Je, kwenu nani alishika nafasi hiyo, na alikuwa na uhuru gani nanyi ambao wazazi hawakuwa nao?

Mkazi wa Uyole:
Kwangu alikuwa mdogo wake babu, ingawa kwa hesabu za kwetu huyo ni babu kamili, kwa hiyo sijui kama anaingia katika swali lako. Alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, miaka ya 1970, na alipenda kutusimulia kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambako milima iliwalazimisha kuchimba mahandaki mengi na kujenga madaraja juu ya mabonde. Alitufundisha kuhesabu kwa Kichina mpaka kumi, nasi tukaringia hesabu hiyo shuleni. Uhuru wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya baba yetu: baba alipokamata fimbo, mzee alikaa mlangoni na kumuuliza kwa upole habari za mbuzi waliopotea enzi za utoto wake, na hapo fimbo ilirudi darini.

Mama Watatu, Iringa:
Naomba nitofautiane nanyi kidogo, kwa sababu si kila aliyeshika nafasi hiyo alidekeza. Mimi nililelewa na mama mkubwa, naye hakuwa na utani hata chembe. Asiyepiga goti na kusema «kamwene», salamu ya Kihehe, asubuhi hakupata uji. Upendo wake ulionekana msimu wa mvua, ulanzi, yaani pombe ya utomvu wa mianzi, ulipoanza kutoka. Alikwenda mwenyewe kwenye mianzi alfajiri, akatushushia mbeta, yaani kikingio cha mwanzi, ya mtogwa, ulanzi mbichi ukiwa bado mtamu, akatugawia kabla watu wazima hawajaamka, kisha akatuonya kwamba atakayeonekana karibu na mkangafu, ulanzi uliokwisha kuchacha na kuwa mkali, atamjua yeye ni nani.

Mwana wa Njombe:
Nawashukuru. Hilo la kuwa na mamlaka juu ya wazazi nililiona pia kwa shangazi. Nilipokuwa sekondari, ripoti ya shule niliipeleka kwake kwanza, ingawa hakujua kusoma. Aliitazama, akaniuliza iwapo ni nzuri au mbaya, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga, kisha akaifikisha kwa baba siku aliyoona yeye kuwa inafaa, mara nyingi baada ya mahindi kuuzwa.