Kisima cha sadaka nyuma ya drai klina ya zamani: tuchimbe, au tupime kwanza? Na nani alipe?

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo lililotugawa mtaani kwetu hapa Mtwara Mjini. Mtaa siutaji, wahusika ni majirani na kesho nakutana nao sokoni.

Kuna mfadhili amejitolea kisima kirefu cha sadaka. Kamati ya msikiti imepata kipande cha ardhi nyuma ya jengo ambalo wa rika langu wanalijua: lilikuwa drai klina. Siyo hizi za sasa ambazo bangoni ni drai klina, ndani ni beseni, sabuni ya unga na pasi ya mvuke. Ile ilikuwa na mashine yenyewe, na suti zilitoka safi bila kuonja tone la maji. Kilichokuwa kinafua ni kimiminika kinachoitwa tetrakloroethilini, au perkloroethilini. Nitakiita perki tuokoe muda.

Mafundi walikuwa wakitoa tope jeusi la mashine kwa ndoo na kulimwaga chini ya mwembe. Nilikuwa mtoto, nakumbuka ile harufu tamutamu inayokaa kooni. Mwembe ulishakatwa, na hapo ulipokuwa ndipo wanapotaka kusimamisha mtambo wa kuchimbia.

Hoja yangu ni kwamba tusitoboe pale mpaka udongo na maji vipimwe, na ikigundulika kuna uchafu, mzigo wa kusafisha usiangushiwe yeyote aliyeshika hati ya kiwanja leo. Najua wengi mtanipinga. Karibuni.

Mchimba visima, Mikindani:
Mkuu, heshima yako, ila unatisha watu. Nimechimba visima miaka mingi pwani hii. Kisima kirefu kinaacha uchafu wa juu hukohuko juu. Tunashusha bomba, tunaziba, maji yanatoka chini kabisa. Adui wa visima vya huku ni chumvi ya bahari, siyo suti za watu.

Mwanzisha mada:
Fundi, kwa choo cha shimo nakubaliana na wewe. Kwa petroli pia kwa sehemu kubwa, maana ni nyepesi, ikifika kwenye maji ya ardhini inaelea. Perki ni kinyume. Lita moja ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Ikifika kwenye maji haisimami, inazama, inaendelea kushuka mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba usiopitisha kitu, hapo inatuama. Na ardhi yetu unaijua kuliko mimi: mchanga, chini yake mawe ya matumbawe yenye nyufa. Nini cha kuizuia? Sakafu ya zege yenyewe inaipenyeza.

Kwa hiyo shimo lako likitoboa tabaka lililoishikilia, umeitengenezea ngazi ya kwenda kwenye maji mazuri. Na pampu ikianza kuvuta, hata iliyokuwa pembeni inasogea.

Halafu hesabu. Marekani kikomo chao kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 5, yaani sehemu tano za milioni za gramu, kwa lita. Lita moja tu ya perki ikiyeyuka yote, inatosha kuvusha kikomo hicho kwenye lita milioni 324. Hayo ni matangi 32,400 ya lita elfu kumi kumi. Bahati mbaya haiyeyuki upesi, inayeyuka kidogokidogo, ndiyo maana mashine inaweza kufungwa leo na mjukuu wako akaikuta majini.

Mama wa mitaa ya Chikongola:
Sisi maji tunachemsha. Na wa mamlaka wanatia klorini. Tatizo liko wapi?

Mwanzisha mada:
Mama yangu, klorini inaua vijidudu. Hiki siyo kijidudu, na ndani yake kina klorini tayari, ya kutiwa majini haikipunguzii kitu. Kuchemsha kunakipeperusha, ni kweli, ila kinapepea kwenda kwenye jiko lako na wewe umekaa hapo unakoroga ugali.

Aliyewahi kufanya kazi ya ufuaji:
Nimesoma nikacheka, kisha nikanyamaza. Nilifanya kazi hiyo, siyo kwenye jengo hilo tu. Niwaambie ilivyokuwa.

Mashine zile za zamani zilikuwa mbili, ya kufulia na ya kukaushia. Nguo unazitoa huku zikiwa bado mbichi na dawa, ndiyo hiyo perki, unazibeba mikononi kwenda kule. Sakafu inadondokewa kila siku. Dawa iliyotumika tunaichemsha ili itoke safi tuirudie, na kinachobaki chini ndiyo tope analosema mwanzisha mada. Kuna na maji yanayojitenga na dawa, yale tunayaona ni maji tu, tunayamwaga kwenye karo la sakafuni. Hakuna aliyetwambia kwamba yamebeba dawa. Mchana wa jua kali, milango imefungwa vumbi lisiingie, unalewa hujanywa. Kichwa kinazunguka, unatoka nje kupunga upepo, unarudi.

Dawa ikikosekana tulitumia mafuta mepesi ya jamii ya petroli. Kwa hiyo mkipima msipime kitu kimoja.

Mtani kutoka Newala:
Watani zangu wa mjini, mmeshiba. Huku juu maji yanasukumwa kutoka visima vya Mitema, bondeni Kitangari, yapande mlima ndipo tuyaone. Umeme ukiyumba, tunanunua kwa ndoo. Watoto wanaharisha. Mnataka fedha zitumike kutafuta mikrogramu kwenye kiwanja kimoja? Kipindupindu kinaua kwa siku moja. Hicho chenu kinahitaji miaka ishirini, na mpaka hapo mtu kashakufa kwa mengine. Pangeni vipaumbele.

Mwanzisha mada:
Mtani, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa na sitaipuuza. Ningeambiwa nichague kati ya kufukua kiwanja hiki na kupeleka bomba kwenu, ningepeleka bomba. Lakini sikuulizwa hivyo. Fedha za kisima zipo tayari, mtambo unakuja. Kupima kabla ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Na tukishawanywesha watu elfu mbili kutoka shimo bovu, kuwarudisha nyuma ndiyo gharama.

Kuna kambi ya jeshi Marekani, Camp Lejeune, jimbo la North Carolina. Visima vya upande mmoja wa makazi ya askari viliharibiwa na perki ya drai klina iliyokuwa nje ya uzio, iliyofunguliwa miaka ya 1950. Visima vilikuja kufungwa 1985. Sheria ya kuwaruhusu waathirika wadai fidia ya maji ya kambi ile imepitishwa 2022. Miaka 37 baadaye, na ni nchi tajiri.

Kijana wa Shangani:
Nafuatilia. Ila hiyo perki ina madhara kweli au ni maneno ya wazungu?

Mwanzisha mada:
Mdogo wangu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Siyo uhakika wa sigara, lakini siyo porojo. Na Desemba 2024 Marekani wametoa kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Hofu yangu binafsi, hizo mashine watakazoziacha zitatafuta soko la mtumba. Mnajua linakoelekeaga.

Mrithi wa jengo:
Nimeletewa huu mjadala na mke wangu. Assalaam alaykum wote. Mimi ndiye mnayemzunguka bila kumtaja.

Marehemu baba hakuwahi kufua hata shati la mtu. Alijenga, akapangisha. Mpangaji alikuja na mashine zake, akafanya biashara yake, akaondoka na deni la kodi. Leo mnasema kiwanja changu ni sumu. Mmekishusha bei kabla hamjapima. Nikiuza, mnunuzi atasoma hapa. Nisipouza, mtaniletea serikali inidai. Kosa langu nini, kuzaliwa? Pimeni, lakini siyo kwa fedha yangu, na siyo kwangu mpaka niandikiwe kwamba majibu hayatatumika kunifunga.

Mwanasheria, Lindi:
Kaka, salaam na pole. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inasimamia kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, wanaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Kwa maandishi, mchafuzi ni mpangaji. Kwa vitendo, mpangaji hayupo, wewe upo, na jengo lina anwani. Mlango unaopatikana ndio unaogongwa. Ndiyo maana ombi lako la kuandikiwa siyo la kijinga, ingawa sidhani kama kuna ofisa atakayekuwekea saini karatasi ya namna hiyo.

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu mrithi, alaykum salaam. Soma tena nilivyoandika mwanzo, niko upande wako kwenye malipo. Wenzetu wa Florida walikutana na kigugumizi hikihiki. Mwaka 1994 wakaunda mfuko: drai klina zote zinakatwa asilimia 2 ya mapato, na kila galoni ya perki inatozwa dola 5. Fedha inasafisha viwanja, mwenye kiwanja hafilisiwi. Foleni ni ndefu, wanaanza na kinachokaribia visima vya watu. Sisi tungetoza kemikali inapoingia bandarini, maana uingizaji wa kemikali za viwandani unapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi ya kanda yake iko hapahapa Mtwara.

Mkulima wa korosho, Tandahimba:
Mfuko! Shehe, umesahau 2018? Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, asilimia 65 ilikuwa irudi kwenye zao. Sheria ikabadilishwa, ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ukianzisha mfuko wa udongo, udongo utabaki ulivyo na mfuko utahama.

Mwanzisha mada:
Hapo umenipata, mzee. Sina jibu.

Mchimba visima, Mikindani:
Tuseme nimekubali. Ikipatikana inasafishwaje? Tunafukua tu?

Mwanzisha mada:
Ikiwa juu na ni kidogo, ndiyo, unafukua, na unahitaji pa kuupeleka huo udongo. Ikishuka, kwenye mchanga mkavu unaweka mabomba na pampu unanyonya mvuke, unaupitisha kwenye makaa maalumu. Huo mchanga wetu kwa hilo unatusaidia, unapitisha hewa. Ikishaingia kwenye maji ndipo kazi. Wengine wanapiga permanganeti, kemikali ya kuivunjavunja, wengine wanasukuma maji juu na kuyachuja kwa miaka. Wengine wanawalisha bakteria waliomo ardhini, wanamwaga molasi au mafuta ya soya, bakteria wanaichanachana perki mpaka inaisha.

Kijana wa Shangani:
Molasi? Kwa hiyo tumwage uraka, ile pombe ya mabibo, pale, kesho kisima safi. Mtwara tuna suluhisho miaka yote!

Mwanzisha mada:
Hahaha, usicheke sana, kinachotafutwa ni chakula cha bakteria, na uraka ni chakula. Ila bakteria wenyewe wanaofika mwisho wa kazi ni wa aina chache tu na hawataki hewa. Wasipokuwepo au wasipotosha, kazi inaishia njiani, perki inaweza kugeuka vinyl kloridi, na hiyo ni mbaya zaidi, saratani yake haina mjadala. Mtu asimwage kitu.

Kwanza tupime visima vya majirani vilivyopo, ni rahisi. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya kioo, ijae mpaka mdomoni pasibaki povu la hewa, ikae kwenye baridi. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai. Na mwombe kipimo cha perki kwa jina, maana kipimo cha kawaida cha chumvi na vijidudu hakiioni. Wakati huo kamati itafute kiwanja upande wa juu, mbali na bahari, maji ya chini mengi ya pwani yanaelekea baharini.

Mjumbe wa kamati ya msikiti:
Mfadhili ametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kiwanja cha upande wa juu kipo ila kinauzwa. Hiki tumepewa bure. Wanaosema tusubiri wachangie basi.

Mrithi wa jengo:
Nami nitachangia kwenye kununua kiwanja kingine. Siyo kwamba nimekiri kitu.

Aliyewahi kufanya kazi ya ufuaji:
Jamani, kuna kitu nimekikumbuka usiku. Mwembe unawapoteza. Pale tulimwaga tope mara chache, ndoo ikijaa. Maji ya kila siku yalikwenda kwenye karo, na bomba la karo halikwenda nyuma, lilikwenda ubavuni, kwenye shimo la maji machafu lililojengwa kwa mawe bila sakafu. Jengo lilipobadilishwa matumizi lile shimo lilifukiwa, juu wakajenga chumba. Kama sijakosea ndicho chumba cha madrasa.

Mwanzisha mada:
Subhanallah. Mzee, una uhakika ni ubavu wa mashariki, kwenye madrasa?

Maana hii kitu haishuki tu. Mvuke wake unapanda na kupenya nyufa za sakafu, unajaa chumbani, na hapo huhitaji kisima chochote ili ukufikie. Mjumbe wa kamati, naomba unijibu hapahapa: kile chumba madirisha yake yanafunguka, au ndiyo yale mliyoziba kwa sababu ya vumbi la barabara?

Mjumbe wa kamati ya msikiti:
Tuliziba mawili. Nakwenda kuyafungua sasa hivi, na watoto kesho watakaa barazani.