Nimeuziwa WRX yenye nembo za STI na fundi niliyemlipa mwenyewe ndo kanimaliza

Wakuu habari zenu. Nina wiki tatu najitahidi kulimeza hili jambo nimeshindwa, acha niandike tu maana najua kuna mtu saa hizi anahesabu akiba yake kama nilivyokuwa nahesabu mimi na ataenda kwa watu walewale.

Mimi ni fundi umeme, naishi Tegeta. Tangu nipo sekondari nilikuwa naitaka Subaru Impreza STI, lile umbo la 2003 ambalo Petter Solberg alilichukulia ubingwa wa dunia wa rally mwaka uleule. Sikuitaka ya kwendea kazini. Nilitaka gari ya projekti, niipaki nyumbani niifungue taratibu kadri hela inavyopatikana, pistoni za kufoji, intakula kubwa (ile inayopoza hewa ya turbo), redieta, mpaka siku iwe gari ya kuingia nayo mashindano. Miaka minne nimeweka hela, nimekataa harusi, nimekataa kuhama nyumba, mke wangu anajua na alinivumilia.

Na kwa nini STI na sio WRX, ile Impreza ya chini yake, kwa wasiojua. STI ya miaka ile namba yake ya chesisi inaanza na GDB, inakuja na gia boksi ya gia sita, breki za Brembo mbele na nyuma, injini EJ207, farasi 280 kwa zile za Japani. WRX ni GDA, gia tano, EJ205, farasi 250. Kwa macho zinafanana kabisa. Ila ile gia boksi ya tano ukishaongeza nguvu ya injini meno ya gia yanakatika, hilo kila anayechezea Subaru analijua. Kwa hiyo ukianza projekti na WRX utamaliza hela kununua vitu ambavyo mwenzako wa STI amevikuta kiwandani. Ndo maana nilikubali kutoa milioni 17 wakati WRX za mwaka huohuo nilikuwa naziona kwa 10, 11.

Dalali yuko Kinondoni. Gari ya bluu, rimu za dhahabu, nembo za pinki mbele na nyuma, ndani siti zimeandikwa STI, inavutia kweli. Mimi sikuwa mjinga wakuu, nilisema sinunui bila ukaguzi, nikamtafuta fundi anayejitangaza kwamba yeye anagusa Subaru tu, nikampa laki moja na nauli aje anikagulie. Laki moja yangu ya jasho ili aniambie ukweli, hiyo tu ndo kazi niliyomwitia.

Nilishika kadi ya gari kwa mkono wangu nikaona GDA. Nikamuuliza mbele ya dalali, fundi hii si GDA? Akanijibu bila hata kupepesa macho kwamba herufi ya mwisho ni toleo tu, A za mwanzoni B za baadaye, injini ni ileile. Nikauliza mbona gia tano, dalali akasema ya sita iliungua mwenye gari akafunga ya tano, fundi akaitikia kwamba ndio hutokea sana. Kalipa za breki zimepakwa rangi ya dhahabu na stika ya Brembo juu, fundi akazigonga na spana akasema orijino hizi. Intake, ile njia ya hewa juu ya injini, imepigwa rangi nyekundu ya kopo ifanane na ya STI.

Kinachoniuma zaidi ni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda unaoonyesha afya ya injini. Nilimwambia apime. Injini ya Subaru imelala, plagi ziko ubavuni, kuzifikia lazima utoe betri upande mmoja na boksi la air cleaner upande wa pili. Yeye akanituma nikanunue maji dukani, nimerudi ndani ya dakika kumi naambiwa kila kitu safi, silinda zote nne ziko sawa!! Betri haikuguswa, vumbi lilikuwa bado limekaa kwenye terminali na nililiona na bado nikamwamini kwa sababu yeye ndo fundi.

Kuitest dalali alikaa pembeni akinizuia injini isipite mizunguko elfu tatu kwa dakika, eti gari ya watu usiichome, na eksozi ina kelele kiasi kwamba hata kama kuna kitu kinagonga humo ndani husikii.

Siku ya kumi na moja, natoka Bunju, nikakanyaga kidogo kupita lori nikasikia ko ko ko ko, taa ya oili ikawaka, nikazima palepale nikaivuta mpaka gereji nyingine. Huyu fundi wa pili kashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inang'aa vichuma utadhani rangi ya gari. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki, imezunguka, na krenki yenyewe imekwaruzika vibaya. Oili yenyewe ilikuwa nzito kama asali imewekwa na dawa ya kuzuia kelele. Taa ya injini kwenye dashibodi kumbe haiwaki hata ukifungua switch, imekatwa waya, na mimi ni fundi umeme wakuu.

Halafu akaniambia gari hii anaijua. Mwezi wa tatu dalali aliileta kwake, akamwambia inagonga ifunguliwe, dalali akasema hana muda, akaondoka nayo.

Nikampigia yule mkaguzi wangu. Kwanza alikana. Nilipomtajia gereji akanyamaza, kisha akasema maneno haya, sitayasahau: "Mkuu na mimi nina familia, dalali alinipa laki mbili." Yaani mimi nimelipa moja, mwenzangu kalipa mbili, basi macho yake yakawa ya mwenzangu!

Dalali alikuwa mdanganyifu tangu mwanzo na nilijua madalali wako hivyo, ndo maana nikalipa mtu mwingine. Ila mtu umemwita upande wako, anakula hela yako, anakuangalia usoni unauliza swali sahihi kabisa na anakuzima, huyo hana tofauti na mwizi. Mimi hasira yangu ipo kwake kuliko kwa dalali.

Dalali kanibloku. Mkataba wa mauziano umeandikwa gari limeuzwa kama lilivyo, na jina kwenye kadi ni la mtu aliyeiuza mapema mwaka huu ambaye hana hatia yoyote. RB polisi nimefungua. Simu ya fundi akikiri ninayo, imerekodiwa, kama kuna mwanasheria humu naomba aniambie kama inanisaidia kitu maana siko tayari kuacha.

Gari ipo juu ya mawe nyuma ya nyumba. Siiuzi, nikiiuza hivi ilivyo na mimi nitakuwa namwibia mtu. Mwenye krenki ya EJ205 ambayo haijakwaruzwa, hata ikitoka kwenye Forester ya turbo, anicheki PM. Ilala nimeonyeshwa mbili, zote zimeshasagwa.