"Kama Linux ni bure, na fundi wake awe bure": leo nimedhalilishwa mbele ya bakuli la mtori

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala ya Sakina. Mikono inatetemeka, konda nimemlipa nauli mara mbili na kanyamaza.

Mnamjua. Simtaji. Kila fundi wa kompyuta hapa Arusha kashapanda zile ngazi zake karibu na Mnara wa Saa, akashuka na kiu. Huyo huyo wa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Ofisi ya watu saba. Kaniita nimpangie seva yao, ile kompyuta ya kuhudumia ofisi nzima, iwekewe nini. Nikakesha mpaka saa nane usiku: Debian tupu isiyo na mapambo (aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta), Samba ili wote wafungue mafaili sehemu moja, CUPS kwa ile printa moja wanayoigombania, bakapu kila usiku kwenye diski ya nje, na UPS, betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika, maana umeme wa huku mnaujua. Karatasi moja tu.

Mzee kaisoma huku anakunywa mtori. "Samba ndo nini? Sisi hapa Yanga." Ofisi ikacheka. Nikameza. Akaanza kuongeza: barua pepe zikae humo, tovuti humo, kamera za geti humo, muziki wa mapokezi humo, na ikiwashwa atokee twiga. Mashine yenyewe imetolewa stoo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, ndani nimekuta mende wamefikia wajukuu. Nikasema taratibu, mzee wangu, barua pepe ukizituma kutoka kwenye mashine hii zitaishia kwenye spamu za wateja wako, na huyo twiga atakula RAM waliyopaswa kula wafanyakazi.

Akaweka kijiko chini. "Kijana, hii Linux unainunua?"

Hapana mzee, ni ya bure.

"Basi kama yenyewe bure, na fundi wake awe bure."

FUNDI WAKE AWE BURE! Dada wa mapokezi, ambaye simu yake nilimtengenezea juzi (bure pia, sasa naona), kacheka mpaka kakaa chini. Jibu limenijia nikiwa kwenye ngazi: mvua nayo bure, mbona fundi bomba unamlipa? Kwenye ngazi, wakuu! Kule juu nilisema "sawa mzee" kama mtoto wa komunio. Awe bure. Na mtori sikukaribishwa.

Mbege Baridi: Hii chai haina hata sukari. Weka picha ya mtori.

Konda Mstaafu: Nauli ya pili hairudishwi.

Mama Njiro: Umejichongea mwenyewe. Mbele ya mtu wa aina ile hutamki neno bure. Unasema leseni hailipiwi, kazi inalipiwa, tena nusu mezani kabla hujafungua begi.

Fundi Kimya: Huyo huyo 2020 alinilazimisha CentOS 8, Linux nyingine, eti mtoto wa dada yake kasema ndo yenyewe. Tuliambiwa itahudumiwa mpaka 2029, ikaachwa 31 Desemba 2021. Aliyelaumiwa nani? Mimi, kama vile naifuga nyumbani.

Mtoa mada: Afadhali wewe mkuu, ulilaumiwa tu. Mimi nimeambiwa NIWE BURE.

Ndizi Mshale: Mnalia na huyo? Wetu aliweka RAID 1, diski mbili pacha, akasema bakapu ya nini tena. Mhasibu akafuta folda la mishahara, likafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwezi ule tulilipwa kwa kukumbukana.

Mnyama Pori: Ingeitwa Simba ningekuja kuifunga mwenyewe.

Kijani Njano: Kufunga mnajua nyie? 😂

Mnyama Pori: Uzi wa seva huu, usinianze.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwa mzee.

Mama Njiro: Kuna fundi friji wa Kijenge kakaa na friji yangu mwezi wa tatu. Nikipiga simu anasema gesi iko njiani. Juzi nimepita kwake, nimekuta kapanga soda zake humo, za baridi kabisa.

Konda Mstaafu: Soda anauza bei gani?

Mtoa mada: Jamani, alikuwa anakunywa MTORI huku anasema.

Ndizi Mshale: Mama Njiro, huyo fundi ana kofia ya njano? Kama ndo yeye, deki yangu iko kwake tangu mwaka jana.