Ndege ya Bukoba: mawingu tunaelewa, kutunyamazia hapana

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazipunguza. Hivi sisi abiria wa Mwanza–Bukoba tumewakosea nini hawa watu wa ndege?

Tumeruka Mwanza vizuri, kufika Bukoba wingu limeshuka mpaka ziwani, rubani kazunguka wee mwisho akageuza. Rubani simlaumu hata kidogo. Uwanja ule njia yake ya kutua ni fupi, ziwa liko pale pale, na tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia majini ikitaka kutua, watu 43 ndani, 19 wakafa, na waliowahi kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Akigeuza namshukuru Mungu.

Shida ni mkisharudi Mwanza. Mnashushwa, mnakaa, hakuna anayesema kitu, kaunta dada mmoja tu na simu yake. Kuna mama alikuwa anawahi kumzika mdogo wake huko Kyaka, kitenge cha msiba kiunoni, kila akienda kuuliza anajibiwa "subiri mama, tutatangaza". Hakuna kilichotangazwa! Jua limezama ndo wanakuja kusema safari imeahirishwa mpaka kesho, hoteli kila mtu ajitegemee. Yule mama alikaa chini sakafuni akalia, mazishi yameshampita.

Wangesema mapema mtu angejua la kufanya. Kwa barabara, daraja la Kigongo–Busisi la kuvukia ziwa limefunguliwa toka 2025, foleni ya kivuko hakuna tena, ila basi lazima ulifuate stendi ya Nyegezi, huko upande wa pili wa mji, tena mapema. Meli ya Bukoba nayo sio ya kila siku. Kwa hiyo ukifichwa mpaka usiku umeshafungiwa kila mlango, na nauli wanayo wao.

Halafu serikali nayo. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, mkoa gani mwingine una majirani hivyo? Habari ya uwanja mkubwa Omukajunguti kule Missenyi tunaisikia miaka na miaka, na bado mkoa mzima unategemea kile kinjia kando ya ziwa, wingu likishuka kidogo tu basi.

Nataka nauli yangu, na yule mama arudishiwe yake. Kuna mtu humu alishawahi kurudishiwa? Ulianzia kwa shirika lenyewe au ulienda moja kwa moja TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga? Na ilibidi upeleke nini, tiketi tu au na risiti?